Sneya ya Vipande Kumi na Viwili

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivi kwa kujisifu. Mke wangu husema hasira zangu zina ratiba: asubuhi naikasirikia mbao, mchana naikasirikia patasi, jioni namkasirikia yeyote anayeniuliza mbona sijamaliza. Kwa hiyo nikiikumbuka ile ngoma ya binti yangu, naikumbuka kwa kusaga meno. Wiki tatu nzima nilisaga meno, na kila siku nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nachonga ngoma hapa Zinga, kando ya barabara ya Dar. Baba yangu alichonga, na baba yake vilevile. Kazi yetu ni ya gogo. Unapata kipande cha mfenesi, unakisimamisha, unakitoboa tumbo kwa patasi mpaka ubaki ukuta mwembamba, unawamba ngozi ya mbuzi kwa vigingi vya mti, umemaliza. Hamna gundi wala nati, na kipimo ni jicho. Ngozi ikilegea kwa unyevu, unawasha makuti makavu, unaisogeza ngoma motoni, unaizungusha na kuigonga kwa kidole mpaka sauti irudi. Huku kwetu hilo halifundishwi. Mtu anakua nalo tu.

Binti yangu alikuwa mpigaji wa sneya katika bendi ya madrasa. Sneya ni ile ngoma fupi ya bendi inayoning'inizwa kiunoni kwa mkanda, yenye nyaya chini yake zinazotetemeka fimbo zikigonga juu. Kila Maulidi bendi hiyo hutangulia zafa, watu wazima na watoto wakifuata nyuma kwa kasida mpaka uwanjani. Wapigaji wote walikuwa wavulana isipokuwa yeye. Alianza akiwa darasa la sita, na mpaka anamaliza kidato cha nne hakuna aliyemfikia mkono. Hilo hakuniambia yeye. Niliambiwa na ustadh anayefundisha bendi, naye si mtu wa kumsifu mtu ovyo.

Mwaka juzi, wiki tatu kabla ya Maulidi, sneya yao ilipasuka ubavu mazoezini. Ilikuwa kuukuu, imeshagundishwa mara mbili. Madrasa haikuwa na uwezo wa kununua nyingine mwaka ule. Ustadh akamwambia binti yangu bila kuzunguka: bila ngoma hana pa kumweka kwenye bendi, itabidi ashike bendera na watoto wadogo.

Angekuwa na mwaka mwingine, labda asingelia. Lakini alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi Tanga, na safari ilikuwa wiki moja baada ya zafa. Hiyo ndiyo ilikuwa Maulidi yake ya mwisho na bendi ile. Alikuja karakanani macho mekundu, akajikaza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kakuliza?"

Akanieleza yote. Kisha akasema, "Baba, si wewe fundi ngoma?"

Nikacheka. Nilijiona mkubwa siku ile. Nikamwambia aende akampe ustadh salamu zangu, amwambie ngoma ipo. Wiki tatu kwangu zilikuwa nyingi, tena nilipanga kumaliza kwa moja.

Nikachonga gogo. Ningefanya nini kingine? Nilichukua kipande cha mfenesi kipana, nikakikata kifupi kwa kipimo cha ile iliyopasuka, nikakitoboa tumbo siku nne. Ukuta nikauacha mnene kidogo, maana ngoma fupi ya gogo ukiichonga nyembamba inapasuka ikikauka. Nilipomwita binti aje aone, alivaa mkanda, nikamwekea ngoma kiunoni, akapinda mgongo palepale kwa uzito. Akajaribu kupiga hatua kama za bendi. Hatua ya tano akashika ukuta.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Tuachieni sisi hiyo," akasema. "Ina kazi yake jikoni, tutatwangia kisamvu."

Binti akacheka, halafu akaona uso wangu, akavua mkanda. Niliitupa ile ngoma uani ikabingirika mpaka kwenye banda la kuku. Siku nne nzima! Na fundi mzima, mwenye wateja wanaotoka mbali kunitafuta, nimetengeneza kinu.

Ikabidi nifanye kama wafanyavyo wenye sneya: kuunganisha vipande vya mbao vikasimama duara, kama pipa. Binti yangu alikuwa ameikagua ile ya madrasa mara nyingi, akaniambia vipande kumi na viwili vinatosha. Nilikuwa na mninga mkavu mzuri, niliouweka kwa ajili ya kitanda. Nikaupasua, nikaupiga randa, nikachonga pembe za kila kipande kwa jicho. Nilipovipanga duara, vipande kumi na kimoja vilikaa vizuri, na cha kumi na mbili kikakuta pengo la kuingia kidole. Nikavichonga upya. Safari hii cha kumi na mbili hakikuingia kabisa.

Binti alikuwa amekaa kwenye kizingiti na daftari. "Baba, duara ni nyuzi mia tatu sitini. Vipande kumi na viwili vina pande ishirini na nne za kuungana. Gawanya, unapata nyuzi kumi na tano kila upande."

"Mimi sipimi kwa nyuzi."

"Najua, lakini hii..."

"Nimesema sipimi kwa nyuzi. Ngoma si hesabu ya ubaoni."

Akafunga daftari. Mimi nikaharibu mninga mwingine siku mbili. Siku ya tatu nikapanda gari mpaka Mapinga kwa seremala anayetengeneza madirisha ya zile nyumba mpya, maana yeye ana mashine ya kukata pembe. Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza vipande vingapi, akakuna kidevu, akasema, "Nyuzi kumi na tano, mzee." Nikamwambia, "Haya, kata." Njia nzima ya kurudi nimepakata mbao zangu, nilikasirika. Nilichokataa kwa binti yangu nimekipokea kwa mtu nisiyemjua hata anakolala. Niliporudi nyumbani sikumwambia. Aliona mwenyewe vipande vimekaa duara bila pengo, akaniangalia, akasema tu, "Vimekaa." Nikajitia hamnazo.

Nikavipaka gundi ya mbao, ile nyeupe ya dukani, nikavifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli nikivikaza mpaka mikono ikauma. Vilipokauka nikapiga randa nje vikawa duara kweli. Nikakiri moyoni kwamba ile ngoma ilikuwa nzuri. Nyepesi, inalia hata ukiipiga kucha. Lakini niliichukia pia, kwa sababu kila hatua yake ilinifanya mwanafunzi. Pete za chuma za kushikia ngozi nilikwenda kwa mchomeleaji, akanikosea kipimo mara mbili. Bolti nane na nati zake niliziokota kwa taabu maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, na mbili hazikufanana na nyingine. Nyaya za chini nilizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, nikivikunja vijiwaya kimoja kimoja kwenye msumari. Vidole vilinitoka damu kwa jambo ambalo baba yangu asingeliita hata ngoma.

Ngozi ndiyo ilikuwa ya kwangu. Hapo sikutaka maneno.

"Ustadh amebakiwa na ngozi moja ya plastiki, nzima," binti alisema. "Amesema tunaweza kuichukua."

"Plastiki ni ya ndoo."

"Zote za bendi ni za plastiki, Baba."

"Ndiyo maana zinalia kama ndoo."

Nikatafuta ngozi ya mwana mbuzi, nikailowesha, nikaikwangua kwa kipande cha chupa mpaka ikawa inapitisha mwanga. Kwa kazi hiyo sina mpinzani huku, na nilijua. Nikaiwamba juu na chini, nikakaza nati.

Sasa nieleze jambo la ukoo wetu, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wangu. Kwetu, ngoma mpya haipigwi na mpigaji wake mpaka siku ya kazi yake. Fundi huijaribu mwenyewe kwa kidole, huifunika gunia, na siku ikifika huikabidhi mkononi kwa mwenyewe, ndipo inapigwa. Baba yangu alishika hivyo, na mimi nimeshika hivyo kwa kila mteja, awe wa harusi, wa mdundiko au wa chuo cha sanaa mjini. Sijawahi kuuliza kwa nini. Nadhani mafundi wa zamani walichoka na wapigaji wanaokuja kila jioni kusema hapa pandisha, hapa shusha.

Zilibaki siku tano. Kila jioni binti alikuja karakanani na fimbo zake mbili mkononi.

"Baba, niipige kidogo tu. Niizoee."

"Haipigwi."

"Kidogo tu. Nataka nione fimbo zinarukaje kwenye ngozi hii. Ya plastiki inarudisha haraka."

"Utajua siku yenyewe. Wenzako wote niliowachongea wamesubiri."

"Wenzangu hawapigi sneya."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Akaenda akakaa uani, akapiga fimbo zake juu ya lile gogo langu la mfenesi lililotupwa kwenye banda la kuku. Nilimsikia jioni zote tano. Alikuwa hodari jamani, hata juu ya kinu. Nilikaa ndani na ngoma yake chini ya gunia, na nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa na haki, ingawa wakati ule niliita utovu wa adabu.

Siku ya zafa ikafika. Ilipangwa baada ya alasiri, kutoka madrasa mpaka uwanjani. Binti aliondoka mapema kupangwa mstari, amevaa sare nyeupe na mkanda mwekundu, na mkanda wa ngoma ameshauvaa begani, mtupu. Tulikubaliana ngoma nitaileta mimi, nimkabidhi mbele ya watu. Nilikuwa nimevaa kanzu yangu mpya.

Tangu adhuhuri manyunyu yalikuwa yanashuka. Nikafunua gunia, nikaigonga ngozi kwa kidole. Ikanijibu kama mkate uliolowa. Ngozi ile nyembamba niliyojivunia ilikuwa imevuta unyevu wote wa Zinga.

Sikufikiri. Hilo ndilo naonea aibu kuliko yote, kwamba sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda kwenye makuti wenyewe, kama ulivyokwenda maisha yangu yote. Nikawasha moto uani.

"Si umpelekee ilivyo, aitazame mwenyewe?" mke wangu alisema akifunga mtandio. "Yeye ndiye mpigaji."

"Niletewe ushauri na jikoni pia?"

Akaingia ndani. Nikaisogeza ngoma motoni, nikaizungusha. Ngozi ikaanza kuitika. Nikaigonga kidole, sauti ikapanda, nikafurahi. Nikaisogeza zaidi. Nati zilikuwa zimeshakazwa tangu siku ya kuiwamba, na ngozi juu na chini ikawa inavuta kwa nguvu zote mbili, ya chuma na ya moto. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja vidole vyake. Kisha mwingine. Gundi nyeupe ilikuwa inalainika na kutoka povu kwenye maungio. Nikaivuta ngoma haraka, na mikononi mwangu vipande viwili vikafunguka, ngozi ya juu ikachanika kuanzia ukingoni, na ile duara nzuri ikawa imekaa upande kama kofia iliyokaliwa.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Kuku walitawanyika.

Nilikwenda hata hivyo. Nilikwenda na vile vipande ndani ya gunia, na kanzu yangu mpya yenye masizi, kwa sababu nisingeweza kumwacha asimame pale akitazama barabara. Bendi ilikuwa imeshapangwa. Alikuwa mstari wa pili, nafasi ya ngoma iko wazi mbele ya tumbo, fimbo mkononi. Aliponiona na gunia alitabasamu. Nikalifungua mbele yake.

Akaingiza mkono, akatoa kipande kimoja cha mninga, akakinusa.

"Umeipasha moto?"

"Ilikuwa imelegea. Manyunyu..."

"Ina nati, Baba."

Hakupandisha sauti. Alikitazama kile kipande, akatazama bolti moja iliyokuwa bado inaning'inia. "Robo mzunguko tu kila nati. Ndiyo kazi yake. Ningekaza mimi hapahapa."

Ustadh akaja, akaona, akaniambia, "Mipango ya Mungu, mzee wangu." Nilitamani kumtupia lile gunia. Mungu alihusika wapi na makuti yangu? Binti akavua mkanda wa ngoma, akaukunja vizuri, akampa ustadh pamoja na fimbo. Akaenda nyuma, kwenye watoto wa madrasa wa miaka saba na minane, akapokea bendera ya kijani. Alikuwa anawazidi wote kwa kichwa na mabega. Tarumbeta zikaanza, ngoma kubwa ikaanza, na pale katikati palipotakiwa ile sauti kavu ya kuongoza miguu palikuwa patupu. Wavulana wa mbele walikosea hatua mara mbili kabla ya kona. Alipita mbele yangu akiwa ameshika bendera wima kwa mikono miwili, macho mbele. Hakunitazama, na sikustahili kutazamwa.

Siku mbili nyumbani hatukusemezana ila salamu. Asubuhi "Shikamoo, Baba," kwa adabu zote, na mimi "Marahaba," na basi. Adabu ile ilinichoma kuliko kama angenitukana. Na mkeo unaweza kugombana ukamaliza, lakini mtoto anayekuamkia vizuri huku umemvunja moyo huna pa kumshika. Nilishinda karakanani bila kazi, nikinoa patasi zilizokwisha kunolewa.

Siku ya tatu nilivichukua vile vipande nivipeleke jikoni viungue. Nilimkuta binti mlangoni pa karakana. Alikuwa ameshika ngozi ya plastiki ya ustadh na fimbo zake.

"Nipe, Baba," akasema. "Nataka kuona ingelia vipi."

Sikumwambia haipigwi. Nilimpisha tu. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akakwangua gundi ya zamani kwenye kila upande kwa kisu, akavipanga vipande, akaniambia nilete mpira wa baiskeli. Nikaleta. Akaniambia nishike hapa, si pale. Nikashika hapa. Kipande kimoja kilikuwa kimeungua ukingoni. Nilitaka kutengeneza kingine, akasema kitafaa, nikakiacha. Mara tatu au nne mdomo ulinifunguka kwa mazoea nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

Kesho yake gundi ilikuwa imekauka. Tukafunga plastiki juu na ngozi yangu ya mbuzi ya chini, ambayo ilinusurika. Nilikaza nati kidogo tu, nikainua spana, nikamsubiri. Akaipiga, ngoma ikiwa haijamalizika hata kupakwa mafuta.

"Bado," akasema. "Hii ya kushoto."

Nikakaza robo.

"Bado. Ya upande wa pili yake."

Nikakaza. Akapiga, akainamisha sikio. "Bado." Nikazunguka ile ngoma kwa magoti, nati baada ya nati, naye ananielekeza kwa ncha ya fimbo. Mke wangu aliacha kazi zake akasimama dirishani. Kisha binti hakusema bado. Aliendelea tu kupiga, kwanza polepole, halafu ule mwendo wa zafa wenyewe, mkavu, wa haraka, nyaya zangu za breki zikitetemeka chini safi kabisa. Nimechonga ngoma tangu sijaota ndevu, na sijawahi kusikia kitu kilichotoka mikononi mwangu kikilia vile.

Aliposimamisha, aliweka fimbo mapajani, akafuta jasho kwa mkono wa gauni.

"Imekubali?" nikamuuliza.

"Imekubali." Akapitisha kiganja kwenye ule ukingo ulioungua. "Ungeniachia niipige jioni ile ya kwanza, Baba, ningetembea nayo kwenye zafa."

Aliisema bila hasira, kama mtu anayetaja kipimo. Jumamosi alikuwa anaondoka. Nilikuwa bado nimepiga magoti, spana mkononi, nikainama nikatafuta nati ya kukaza. Zote zilikuwa zimeshakazwa.